Jero ya Kiti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Zinakuja mbio, zinaondoka mbio, na zikishaondoka nabaki natafuta pa kuficha uso. Kwa hiyo nikisema siku ile nilipiga meza kwa kiganja mpaka kete za bao zikaruka na kutawanyika sakafuni, msishangae. Nilikuwa nimevumilia wiki tatu.

Duka langu liko Mbamba Bay, kwenye njia ya kwenda sokoni, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Nauza michezo: bao, drafti, karata, ludo, mipira, kamba za kuruka. Ndugu zangu wa Singida wakisikia wanacheka mpaka machozi. "Umemfuata mume mpaka Ziwa Nyasa kwenda kuuza karata?" Mume wangu ni mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku, nami nikaja na vyombo na watoto. Ajira sikupata, nikajiajiri. Ndani ya duka niliweka meza moja ndefu na mabenchi mawili ili mteja ajaribu mchezo kabla ya kununua.

Jamani, walijaribu! Walijaribu asubuhi wakitoka kuvua, wakajaribu mchana wakisubiri jua lipoe, wakajaribu alasiri kabla ya kwenda kuangalia nyavu. Mtu anaingia, "Hodi mama, nilikuwa naliangalia lile bao." Haya, karibu. Anakaa. Mwenzake anakuja kumsaidia kuangalia. Ikifika saa sita nina wanaume tisa wanaangalia bao moja, na hakuna hata mmoja aliyenunua kiberiti. Kiberiti chenyewe siuzi, lakini mnanielewa.

Bao hilo lilikuwa la mninga, nimeliagiza kwa seremala wa Mbinga, limeshuka milimani juu ya magunia ya mahindi, linang'aa. Siku moja akaja mteja wa kweli kutoka Chiwanda, mwenye hela mkononi. Akalipapasa, akaingiza kidole kwenye mashimo, akanitazama kwa huruma. "Mama, mimi nataka jipya. Hili la mtumba." Akaondoka zake. Hapo ndipo nilipopiga meza.

"Kuanzia kesho," nikasema, "kiti si bure! Anayekaa mezani kwangu analipa jero."

Mzee mmoja, mchonga mitumbwi, akauliza kwa upole wote, "Mwanangu, unauza bao au unauza kukaa?"

"Vyote!" nikamjibu.

Nyumbani mume wangu hakuniunga mkono. "Mia tano si kitu," alisema, "lakini wale hawaji kwa ajili ya bao. Wanakuja kwa ajili ya wenzao. Sasa utamtoza mtu hela kwa kukaa na mwenzake?"

"Na wewe utalipa," nikamwambia, maana kila Jumamosi alikuwa mmoja wa wale tisa.

Mtu aliyekuwa upande wangu alikuwa mmoja tu, mama mwenye nyumba. Chumba cha duka ni chake, naye anaishi vyumba vya nyuma, peke yake. Ni mama wa Liuli, wa familia za Kianglikana za pale misheni, ana miaka sabini na kitu, mwembamba, mdomo haulali. Kati ya chumba chake cha kulala na meza yangu kulikuwa na ukuta wa tofali moja. Na kila jioni nilipokwenda kumsalimia kabla ya kufunga duka, aliniuliza habari za mezani.

"Yule anayezitupa kete kwa nguvu, leo amelala mara ngapi?" Kulala kwenye bao ni kete yako ya mwisho kuangukia shimo tupu, zamu yako ikaisha.

"Mama, umejuaje kama amelala?"

"Si nasikia? Kete ikiingia kwenye shimo lenye wenzake inalia. Ikiingia kwenye shimo tupu inagonga mti. Yule bwana leo kagonga mti siku nzima." Akacheka peke yake.

Alikuwa anasikiliza, kumbe. Tangu nifungue duka, alikuwa anakaa kitandani, mgongo ukutani, anacheza michezo ya watu wengine kwa masikio. Chini ya kitanda chake kulikuwa na bao la zamani, limefungwa kwenye kitenge. Alifundishwa na marehemu mume wake walipokuwa vijana, na kila siku mzee aliporudi kutoka ziwani, usipa, dagaa wa huku, wakishaanikwa, walikaa wawili na kucheza. Tangu mzee afariki, bao lile halikufunguliwa.

"Miaka yote hiyo, Mama? Kwa nini usiende kucheza na wale?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia akaoge sokoni. "Na wakwe zangu?"

Akanieleza. Kwa watu wa ukoo wake, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na wakikutana njiani mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Sasa yeye alizaa mabinti watano, na mabinti wa dada zake nao ni mabinti zake. Wote wameolewa hapo hapo pwani ya ziwa. "Kila mwanamume anayejua bao hapa," alisema, "ni mkwe wangu, au ndugu wa mkwe wangu. Anayejua kuliko wote ndiye kaoa binti yangu wa kwanza. Namsikia kila siku. Nikifa bila kucheza naye hata mara moja, mwanangu, nitakufa na kiu."

Nilimwonea huruma sana. Lakini kusema kweli, habari ya wakwe iliingia sikio hili ikatokea lile. Kwetu mkwe tunamheshimu pia, ila sio kwa kuingia majanini.

Jero yangu ilianza Jumatatu. Niliandika kwenye kipande cha boksi, KITI JERO, nikatundika juu ya meza. Akaingia yule mchonga mitumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Watoto hawajambo? Baba yao kaamka salama?" Huku anakaa, anapanga kete. Sasa niambieni, mtu ameshakuita mwanangu, ameshawaulizia watoto, wewe unyooshe mkono umwambie leta jero? Niliufungua mdomo mara tatu, nikaufunga mara tatu. Mara ya nne nikamkaribisha chai.

Jumanne waliobaki na aibu kidogo walikuja na vigoda vyao kutoka nyumbani. "Kiti chako hatujakikalia, mama," wakanionyesha, wakalizunguka bao langu kwa raha zao. Nilitoka nje nikaongea na ziwa.

Ndipo nikapata wazo, na nililiona la maana kweli. Shida yangu ni kwamba mimi ni mdogo kwao. Anayetakiwa kudai kiingilio ni mtu mzima, ambaye wao ndio watamwamkia. Na mtu mzima mwenye mdomo ninaye nyuma ya ukuta! Nikaenda kwa Mama. Nikamwambia nitamwekea kiti mlangoni, atapokea jero, na theluthi itakuwa yake.

Alikubali upesi mno. Mimi nilidhani ni theluthi. Kesho yake alitokea na kitenge kipya, amejipaka mafuta mpaka visigino, akakaa mlangoni mwangu ameipa meza mgongo. Lakini sikio moja alikuwa amelitoa nje ya kilemba.

Hakuja mtu. Saa tatu, hakuna. Saa nne nikamwona mchonga mitumbwi anakuja, nikamwambia Mama ajiandae. Yule mzee alipofika kwenye kona akainua kichwa, akamwona aliyekaa mlangoni, akageuka pale pale na kuingia kwa muuza samaki kinyumenyume. Wa pili akajifanya kaangusha kitu, akakitafuta mpaka barabara ya pili. Wa tatu alikuwa juu ya bodaboda, na dereva aliambiwa aongeze mwendo. Nikawaka. "Unaona watu hawa, Mama? Jero tu! Wanakimbia jero!" Mama akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Mume wangu alipokuja mchana kula, akasimama barabarani, akamtazama Mama, akanitazama mimi, akakaa chini kwa kucheka. "Mama wee! Umewafungia mlango kwa mkwe wao! Hapo hata ukiwalipa wewe, hawaingii!"

Hasira ikanitoka yote kwa mpigo mmoja, ikabaki aibu. Nilikuwa nimeambiwa. Nimekaa kitandani kwa yule mama, nikaambiwa neno kwa neno, kisha nikaenda kumtundika mlangoni mwa watu wasioruhusiwa kumtazama. Jioni nikamwomba msamaha. Nikamwambia kesho nitaondoa kiti chake na kibao cha jero, vyote viwili, wanaume warudi, mambo yaishe.

Sikutegemea atakavyokuja juu. "Usinitoe!" alisema. "Mimi nilijua hawataingia. Nilijua tangu uliponiita. Lakini nilisema labda mmoja atachoka kukimbia. Ukinitoa pale mlangoni unanirudisha nyuma ya ukuta, mwanangu. Nipe siku tatu."

Nikampa. Ningemnyimaje?

Siku ya kwanza ilipita tupu. Siku ya pili akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Bukoba, hana mkwe kusini yote. Akamwamkia Mama, akatoa jero yake kwa furaha, akakaa peke yake mezani na bao asilolijua vizuri. Akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kucheza naye. Na hapo, kutoka nje ya dirisha la upande, nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa ni yeye, mume wa binti wa kwanza. Mvuvi, mtu mrefu, mpole, bingwa wa bao tangu hapo mpaka Liuli. Alikuwa amesimama nje, bega ukutani, mahali ambapo Mama hawezi kumwona. Siku mbili bila bao zilikuwa zimemshinda. "Mama," akaniita mimi kwa sauti ya chini, "mwambie mwalimu tucheze. Mimi nitasema, wewe unisogezee kete. Kiti sijakalia."

Basi tukacheza mchezo wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuona. Mvuvi yuko nje anatazama ukuta, bao lote liko kichwani mwake. "La tano kutoka kushoto, peleka kulia." Nasogeza. "Nimekula ngapi?" Namwambia. Mwalimu anajikuna kichwa, anasogeza zake ovyo, analala, analala tena. Mlangoni, Mama anafyonza kila mwalimu akikosea. Alifyonza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kete za mwalimu zilipokaribia kwisha, Mama hakuweza tena. Bila kugeuka, akasema kwa kunong'ona kama yuko kanisani, "Mwalimu. La pili kutoka kulia. Peleka kushoto."

Mwalimu akafanya. Kete zikatembea, zikala, zikazunguka, zikala tena. Nikasoma hesabu kupitia dirishani. Mvuvi akafikiri kwa muda, akataja shimo. Mama akanong'ona lingine. Mwalimu alikuwa anatoa macho tu, mikono yake inafanya kazi isiyoijua. Mchezo ule uliokwisha kufa ukafufuka, ukasimama, ukatembea. Mimi nilikuwa nakimbia kati ya dirisha na meza, jasho linanitoka, nacheka hovyo. Sijawahi kufurahi vile dukani kwangu na siuzi kitu.

Mwalimu akashinda.

Nje, mvuvi akasema taratibu, "Huyo si mwalimu."

Mama akajifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Nilipochungulia dirishani, mvuvi alikuwa ameshaondoka, nikaona mgongo wake tu ukishuka kuelekea ziwani.

Siku ya tatu hakuja mtu. Hata mwalimu hakuja, alikuwa na vipindi. Mama alikaa mlangoni tangu asubuhi mpaka jua la saa kumi, akanyanyuka mwenyewe, akajikung'uta. "Nimemkosea heshima," alisema. "Mkwe hasemeshwi hivyo, hata kwa dirisha. Ondoa kiti, mwanangu." Akaingia kwake. Usiniulize kama nililia. Nilikiondoa kile kiti, na kibao cha jero nikakichana vipande, maana niliona ndicho kilicholeta yote.

Kesho yake wanaume walikuwa wamerudi mezani tangu asubuhi, kiti bure, kelele zile zile, na nyuma ya ukuta kimya. Saa nne hivi kelele zikakatika ghafla. Nikainua macho kutoka kwenye karata nilizokuwa napanga. Binti wa kwanza wa Mama alikuwa anakuja kwa mbele, amebeba kitenge kipya mikononi. Nyuma yake mume wake, yule mvuvi, amevaa shati la kanisani, kwapani kuku mweupe. Na nyuma yao mchonga mitumbwi, kama msemaji wao.

Mume wangu, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, ndiye aliyeninong'oneza. Kuna kitu mkwe hutoa, kuku na nguo, ili mama mkwe amfungulie. Akishapokea, wanaruhusiwa kutazamana, kula pamoja, kukaa pamoja, na kuanzia hapo ni kama mama na mwanawe. Kilipaswa kutolewa zamani. Kwanza mvuvi alikuwa hana kitu, baadaye mume wa Mama akafariki, baadaye tena miaka ikawa mingi na akaona aibu kuanza. Miaka kumi na saba ya ndoa, anaingia majanini.

Mchonga mitumbwi akabisha hodi mlango wa nyuma, akaupa mgongo, akasema maneno ya kimila ambayo sikuyaelewa, ya Kinyasa. Mama akatoka uani. Binti akaweka kitenge miguuni pake. Mvuvi akapiga magoti, akamweka kuku chini, macho yake kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Mama. Akainama akamchukua kuku, akampapasa mbawa kwanza, maana yeye ni yeye, akaridhika. Kisha akamshika mvuvi kidevu, akamwinua uso, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe umeshaota mvi," akasema.

Watu wote uani wakaangua kicheko, na mvuvi naye akacheka huku anafuta macho. Mama hakusubiri chai wala pilau. Aliingia ndani, nikasikia anaburuta kitu kutoka uvunguni, akatoka na bao lake limefungwa kwenye kitenge cha zamani. Akapita nalo mlango wa mbele, akaingia dukani kwangu kwa mara ya kwanza kama mchezaji. Wanaume waliokuwa mezani wakatawanyika kama kuku wameona mwewe, maana wao walikuwa bado hawajafunguliwa. Wakaenda kuzibana pua zao dirishani, kwa nje. Mama akaliweka bao mezani. Upande mmoja mashimo yalikuwa yamelika kwa vidole kuliko upande mwingine. Akamwonyesha mvuvi akae upande huo, wa marehemu.

Kisha akanyoosha mkono. "Jero."

"Mama, nimeshafuta!" nikasema. "Kiti ni bure sasa."

"Nani kafuta? Mimi ndiye mpokeaji. Jero."

Mvuvi akajipapasa mifuko ya shati la kanisani, ya suruali, akabaki anatazama. Alikuwa ameleta kuku, kitenge na msemaji, jero hakuleta. Mke wake akafungua fundo la khanga, akailipa, huku anatikisa kichwa. Mama akaniletea ile sarafu pale nilipo, akanifumbatisha mkononi. "Mchezo hauna maana kama mtu hakutoa kitu ili akae," akasema. "Mtu akitoa, anacheza kweli."

Wakapanga kete. Nilisimama mlangoni na mume wangu. Mvuvi mwanzoni alizisogeza kete kwa adabu, kisha bao likamchukua, akasahau kama anacheza na mkwe. Alizitupa kete kwa nguvu kama kawaida yake. Mama alizidondosha moja moja, na kila ikidondoka aliinamisha kichwa kidogo, ile tabia ya kusikiliza ilikuwa bado haijamtoka. Akamla, akaliwa, akamla tena. Dirishani wakwe walikuwa wanaguna kwa pamoja.

Mwishoni mvuvi aliona shimo fulani, akasita. Nilimwona anasita, na Mama naye alimwona.

"Ukiniachia," Mama akasema, "unamchukua kuku wako unaondoka."

Akalicheza. Kete zikazunguka upande wa Mama wote, zikala, zikala, mpaka mbele yake hapakubaki kitu. Mama akatazama mashimo yake matupu, akapitisha kiganja juu yake, taratibu. Kisha akapiga makofi, akasimama, akanigeukia mimi na uso ambao sijawahi kumwona nao.

"Amenifunga!" akasema. "Mwanangu, umeona? Tangu mwenzangu aondoke hakuna mtu aliyenifunga!"

Akakaa, akaanza kuzipanga tena. Mkono mmoja ukapapasa fundo la kitenge chake, ukatoa jero, ukanisogezea mezani bila yeye kuinua macho.